Nilidanganya Siku Tatu, na Sasa Rufaa Imefika

Wasomaji wangu, barua ya kwanza hapa chini niliipata mwezi Oktoba, na aliyeiandika alikuwa amebakiwa na siku kumi na tisa kabla ya kusimama mbele ya majaji. Sikungoja zamu yake gazetini. Nilimjibu kwa posta siku ile ile. Sasa kesi imekwisha, na mwenyewe ameniruhusu nichapishe yote. Majina nimebadilisha, na mji nimeuacha bila jina. Kwa msionijua, nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na mmoja, saba ya mwisho katika mahakama ya rufaa, na siku hizi napanda nyanya na kujibu barua zenu.

*

Shangazi Gena mpendwa,

Nakuomba unisaidie, maana hapa mjini sina wa kumuuliza, padri wetu ni binamu wa mke wa mshtakiwa na daktari wetu anacheza naye bao la tavla kila Jumapili, na kila ninayemfungulia mdomo ana upande wake tayari. Mimi naitwa Penka, nina miaka hamsini na mbili, ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na minne nimeshona mavazi ya kikundi cha ngoma cha watoto katika nyumba yetu ya utamaduni, na kiongozi wa kikundi hicho alikuwa Blagoy, mpiga akodioni, mtu ambaye hapa kwetu harusi haikuitwa harusi kama hakuipigia, na zaidi ya hayo ndiye aliyetusimamia ndoa mimi na mume wangu Dimo, na wewe unajua msimamizi wa ndoa kwetu ni zaidi ya ndugu, mezani hukai kabla yeye hajakaa.

Mwaka juzi mwezi Machi, siku ya Jumanne, alikuja kwangu msichana mmoja wa kikundi, Elitsa, wakati huo ana miaka kumi na miwili, kupimwa aproni ya tamasha. Analelewa na bibi yake Stanka kwa sababu mama yake yuko Uhispania anachuma stroberi. Nikamwambia anyooshe mikono, hakunyoosha.

"Elitsa, mama, nina watoto tisa wa kupima leo."

"Mimi usinishonee, shangazi Penka."

"Kwa nini, umenenepa?" nikamtania.

"Sitaki kwenda kwenye tamasha. Sitaki kupanda tena gari la mjomba Blagoy."

Halafu akaniambia mengine, kwa maneno machache, macho yake kwenye kanyagio la cherehani, na hayo siyaandiki hapa, ila ni mambo ambayo hakuna mtu mzima mwenye haki ya kumfanyia mtoto, na nilimwamini tangu neno la kwanza, Shangazi, hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba nilimwamini na bado nikamwambia, "Nenda nyumbani, mama, nitaona la kufanya," na nilichofanya ni kwamba sikufanya kitu.

Jumatano mchana nilimpigia simu Blagoy nikamwomba tuonane, nikaenda ofisini kwake katika nyumba ya utamaduni nikamuuliza uso kwa uso, kwa sababu nilitaka aniambie sivyo na niweze kuendelea kuishi kama zamani. Hakukasirika hata kidogo. Alinimiminia kahawa akasema, "Penka, Penka, yule mtoto mama yake hayupo, anatafuta wa kumwangalia. Nilimpa lifti mara moja tu, siku ile ya mvua kubwa, basi. Unataka kunizika kwa sababu ya mvua?" Na mimi nikanywa ile kahawa. Alhamisi nilishona tu. Ijumaa, saa ya mazoezi, nikamwona Elitsa kupitia dirisha la chumba changu cha kushonea, amesimama kituo cha basi hataki kuingia mazoezini, na gari la Blagoy linapunguza mwendo mbele yake, nikatoka mbio na pini zimo mdomoni, nikamshika mkono, tukaenda kwa bibi yake na kutoka pale moja kwa moja polisi.

Mpelelezi akaniuliza, "Mtoto alikuambia lini?" Nikajibu, "Leo."

Neno moja tu, Shangazi Gena. Nilisema leo kwa sababu niliona aibu mbele ya Stanka aliyekuwa amekaa pembeni yangu, nikadhani siku tatu si kitu, kitu ni kwamba tumefika. Lakini neno lile liliandikwa, na mahakamani nikaapa nikalirudia, na Blagoy kwa upande wake akasema mtoto yule hajawahi kuwa naye peke yake ndani ya gari hata siku moja, na mimi nilijua anadanganya kwa sababu aliniambia habari ya lifti kwa kinywa chake, lakini ningelisema hilo ningelazimika kusema tulionana Jumatano, na ile Jumatano ingeiua Ijumaa yangu. Nikanyamaza. Elitsa hakusimama mahakamani, alihojiwa mara moja tu na mwanasaikolojia katika chumba maalumu cha kuhojia watoto, kile wanachokiita cha buluu, wakarekodi. Blagoy akatiwa hatiani, miaka mitano, na tangu siku ile yuko ndani. Kwenye hukumu hakimu ameandika sababu za kumwamini mtoto, na moja ya sababu hizo ni mimi, ameandika kwamba shahidi Penka alitoa taarifa siku ile ile aliyoambiwa, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kutunga jambo. Niliposoma hapo nilihisi kama nimemeza utepe wangu wa kupimia.

Sasa Blagoy amekata rufaa na ameweka wakili mpya kutoka mji mkuu, Sofia, na huyo wakili amepekua faili akakuta orodha ya simu, akaona Jumatano nilimpigia Blagoy tukaongea dakika nne, na ameandika kwenye rufaa kwamba nilimpigia kumshinikiza amruhusu mpwa wangu aongoze ngoma kwenye tamasha, kwamba alikataa, na kwamba kwa hasira nikamfundisha mtoto maneno. Mahakama ya rufaa imeniita nieleze simu ile.

Dimo anasema rahisi. Juzi tulikuwa uani tunachoma pilipili za kusagia rojo la lyutenitsa, akaniambia bila kuacha kugeuza, "Sema ulimpigia habari ya vifungo vya vizibao. Nani atajua?"

"Mungu atajua."

"Mungu hajaitwa kutoa ushahidi, umeitwa wewe. Mwanamke, ukisema ukweli wataanza na wewe. Na yule uliyetaka afungwe atatoka anacheka, atapita hapa mbele na akodioni yake."

Halafu Ginka, mke wa Blagoy, akanikuta dukani kwenye foleni ya mkate. Alinisogelea karibu kama anataka kunibusu.

"Tunajua alikuambia lini," akanong'ona. "Mume wangu alinieleza ulikuja ukanywa kahawa yake. Hatusemi, kwa sababu hatutaki kukuharibia. Na wewe usituharibie. Sema hukumbuki siku. Mtu hafungwi kwa kutokumbuka." Kisha kwa sauti, watu wote wasikie, "Afya njema, ndugu wa ndoa!" Hilo ndilo jina la heshima wanaloitana kwetu wasimamizi wa ndoa na waliosimamiwa, na nakwambia sikuwahi kulisikia likiuma namna ile.

Na Stanka, ambaye hajui lolote, ananiletea maboga ya kuoka na kunishukuru, na anaogopa jambo moja tu, kwamba majaji wa rufaa watamwita Elitsa aanze upya. Nisemeje, Shangazi? Nikisema vifungo, nitakuwa nimeapa uongo mara ya pili. Nikisema sikumbuki, ni kama Ginka ameniandikia. Nikisema ukweli, majaji watasema shahidi ni mwongo, kesi yote itaporomoka, na mtoto atajua kwamba mimi ndiye niliyemfungulia yule mtu mlango wa gereza. Watu hapa wanasema rufaa ni hivyo, ukipatikana uongo mmoja tu, mtu anaachiwa. Ni kweli? Nijibu upesi, nakuomba.

Penka, fundi cherehani

*

Penka,

Nitakugombeza kwanza, kisha nikusaidie, maana nikianza na msaada, makaripio utayaruka.

Ulimwamini mtoto, halafu ukaenda kumuuliza anayetuhumiwa kama ni kweli. Ulitarajia akujibu nini? Ulimpa yeye siku mbili za kujipanga, na Elitsa ulimpa siku tatu za kungoja peke yake, na katika siku hizo gari lile lilipunguza mwendo mbele yake tena. Sikuandikii hili ulie. Karatasi yako imevimba kwa machozi, nimeiona. Nakuandikia kwa sababu kosa lako hulioni lilipo. Wewe unaogopa ukweli utaharibu kesi. Kilichokwisha kuingia kwenye kesi na kuiharibu ni lile neno "leo".

Sasa nikueleze majaji wa rufaa wanavyofanya kazi, maana mji wenu unaonekana kusomea sheria kwenye foleni ya mkate.

Wanakaa watatu. Kabla hawajakuona wewe, wameshasoma faili kutoka karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, nami najua kwa sababu niliwabebea mafaili hayo ngazini na kuyarudisha yamejaa vikaratasi vya alama. Hawaulizi kama kila shahidi ni malaika. Wangeuliza hivyo, hakuna hukumu hata moja nchini ambayo ingesimama. Wanauliza kama mtoto alisikilizwa ipasavyo, kama aliyemhukumu ameeleza kwa nini alimwamini, kama upande wa pili ulipewa nafasi ya kweli ya kumpinga, na kama baada ya kupima yote bado kuna shaka yenye miguu ya kusimamia. Kasoro ndogo wanazipata kila siku. Mtoto kasahau ilikuwa wiki gani, mtoto kachelewa kusema mwezi mzima, daktari hakukuta alama yoyote mwilini. Mawakili wapya hupenda kuyapigia kelele hayo, na majaji huyaandika na kuyapima, lakini wanajua watoto husema hivyo hivyo, kwa vipande na kwa kuchelewa. Kinachowashtua ni ufa unaofika kwenye msingi.

Je, siku zako tatu zinafika kwenye msingi? Ndiyo na hapana. Hukumu ya chini imekutegemea wewe kwa sababu moja, na sababu hiyo ni ya uongo, kwa hiyo itang'olewa. Usijidanganye kwamba itabaki. Lakini nimesoma barua yako mara tatu, na sioni mahali ambapo wewe uliona jambo lenyewe. Aliyeona ni Elitsa. Maneno yake yamo kwenye rekodi, yamehifadhiwa kabla mtu yeyote hajapata muda wa kuyapiga pasi. Majaji wataitazama rekodi ile wenyewe. Kwa kawaida hawamwiti tena mtoto aliyekwisha hojiwa hivyo, ndiyo maana chumba kile kilijengwa, na wakitaka kumwita, mwambie Stanka kwamba wakili wa mtoto ana haki ya kupinga kabla. Na kwa kuwa aliyekata rufaa ni Blagoy peke yake, hawawezi kumwongezea kifungo. Wanaweza kuthibitisha, kupunguza, kufuta, au kurudisha kesi chini. Basi. Hakuna mwujiza na hakuna bahati nasibu.

Acha nikwambie jambo nililoliona. Mwaka wangu wa tatu kule rufani ilikuja kesi ya mwalimu mmoja. Mtoto alikuwa akisema kweli, mimi nilimwamini na bado namwamini. Lakini shangazi yake, kwa mapenzi, alikuwa "ameisaidia" kweli hiyo. Aliongeza siku ambayo haikuwapo, na shahidi ambaye hakuwapo. Kwenye rufaa, yote yakafumuka, na baada ya hapo hakuna jaji aliyeweza kutenganisha cha mtoto na cha shangazi. Mwalimu akaenda nyumbani. Yule shangazi alilia kwenye korido akiniambia, "Nilitaka tu iwe na nguvu zaidi." Na nimeona pia kinyume chake, mtu aliyefungwa miaka minane kwa maneno waliyofundishwa watoto wawili, maneno yale yale hadi nukta, na majaji watatu wakamfungua, nami niliunakili uamuzi ule kwa moyo mweupe. Kwa hiyo usiniambie rufaa ni mlango wa wahalifu kutorokea. Rufaa ni macho mengine. Na macho hayo yatakuwa juu yako baada ya siku kumi na tisa.

Hadithi ya vifungo mwachie Dimo aivae mwenyewe. Wakili wa Sofia atakuuliza vifungo vingapi, rangi gani, ulivinunua wapi, na kwa nini mlivizungumza dakika nne kisha ukamfuata ofisini kwake. Kufika kifungo cha tatu utakuwa umekwisha, na utakuwa umemwangusha na Elitsa. "Sikumbuki" ya Ginka ni uongo ule ule, ila huu unanong'ona. Tena fikiria kwa nini Ginka anakubembeleza. Watu hawa walikuwa na silaha ya kukumaliza tangu kesi ya kwanza, nao hawakuitumia. Kwa nini Blagoy hakusimama akasema, "Huyu mwanamke alikuja kwangu Jumatano"? Kwa sababu Jumatano ile ina lifti ndani yake. Alichokuambia wakati anakumiminia kahawa si kile alichoiambia mahakama. Wewe uliificha Jumatano kwa aibu, yeye kaificha kwa hesabu.

Lakini usiende kule ukidhani umebeba bunduki. Atasema hukumbuki vizuri, atasema unalipiza kisasi, na majaji wana haki ya kukupima kwa mashaka, kwa sababu umeshawadanganya wenzao. Utasema ukweli hata kama hautasaidia. Ukiusema ili usaidie tu, utaanza tena kuupunguza hapa na kuuongeza pale, kama aproni.

Haya, fanya hivi. Kesho asubuhi, si keshokutwa, nenda kwa wakili wa kujitegemea, asiwe wa mji wenu, umweleze yote kama ulivyonieleza mimi, maana ulitoa ushahidi wa uongo na hilo lina adhabu yake, na sheria humwangalia tofauti anayejirudi mwenyewe kabla kesi haijafungwa na anayekamatwa. Akupeleke kwa mwendesha mashtaka ukaandike maelezo mapya, yenye Jumanne, Jumatano, kahawa, lifti na Ijumaa. Wakili wa Blagoy atayapata pia, na anastahili kuyapata.

Baada ya hapo nenda kwa Stanka. Usiende na keki. Mwambie ukiwa umesimama, na akikufukuza, ondoka. Asisikie kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa wakili wa Sofia.

Elitsa usimguse. Usimuulize chochote, usimweleze chochote, usimwombe msamaha mpaka hukumu isomwe. Najua utatamani. Msamaha wako ungekuwa maneno yako kichwani mwake, na hicho ndicho kitu pekee ambacho hadi leo hakuna mtu aliyefanikiwa kukitia.

Na mbele ya majaji, ukiulizwa, jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza. Wewe si mtu mbaya, Penka. Ni mwoga, kama wengi wetu, na uoga una dawa, tena ni chungu na fupi. Funga cherehani, vaa koti, nenda.

Gena

*

Barua ya pili ilinifikia mwezi Machi. Wengine mtanilaumu kwamba nilimpeleka mwanamke wa watu akajishtaki. Nilimpeleka, na ningempeleka tena. Mengine aseme mwenyewe.

*

Shangazi Gena,

Nilifanya ulivyosema, kwa mpangilio ule ule, maana ningejipangia mwenyewe ningeanza na lililo rahisi. Wakili nilimpata mji wa pili. Mwendesha mashtaka alinisikiliza bila kuniangalia, akaandika kurasa tano. Stanka nilimkuta anakamua jibini, nikamwambia nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Alijifuta mikono, akachukua koti langu alilokuwa ameshalitundika, akanipa, akafungua mlango. Dimo alihamia kwa kaka yake wiki mbili, kisha akarudi, sasa tunaongea habari za kuni.

Siku ya rufaa ukumbi ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye nywele fupi, na mbele yake faili lilikuwa limejaa vikaratasi vya alama, nikakukumbuka. Nilieleza Jumanne, Jumatano, Ijumaa. Kisha akasimama wakili wa Sofia.

"Kwa hiyo uliidanganya mahakama chini ya kiapo."

"Ndiyo."

"Na mpelelezi pia."

"Na mpelelezi pia."

"Basi leo tukuamini kwa sababu gani?"

Shangazi, nilikuwa na hotuba niliyoiandaa, ikapotea yote. Nikasema, "Msiniamini mimi. Mimi sikuwamo ndani ya gari." Yule mama mwenye nywele fupi akaandika kitu, na wakili akakaa.

Wakamuuliza Blagoy kuhusu ile kahawa. Alisema hakumbuki mazungumzo kama hayo. Baadaye akasema pengine kulikuwa na siku ya mvua, pengine alimshusha mtoto njiani, angewezaje kukumbuka kila mtoto. Ginka alikuwa nyuma yangu, nilisikia anavuta pumzi.

Elitsa hawakumwita. Waliitazama rekodi yake yote, milango imefungwa, sisi tukiwa nje.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki sita. Wamethibitisha hatia na kifungo kimebaki miaka mitano. Nimeusoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Wameandika kwamba mahakama ya chini ilikosea kuegemea taarifa yangu ya siku ile ile, kwa kuwa haikuwa ya siku ile ile, na sababu hiyo wameifuta. Wameandika kwamba maneno yangu, ya zamani na mapya, hawakuyapa uzito mkubwa kwa upande wowote, hata ya lifti. Iliniuma kidogo, kisha nikaona ni haki. Kuhusu mpwa wangu na tamasha wamesema hakuna chochote kinachoonyesha hivyo, na kwamba mtoto anaeleza kwa maneno ya mtoto, si ya mshonaji. Walichokiegemea ni rekodi yake, na daftari la mlinzi wa nyumba ya utamaduni la kukabidhi funguo, ambamo siku na saa Blagoy alizorudisha funguo zinalingana na alizozitaja Elitsa, na ambalo mahakama ya chini ililigusa kwa sentensi moja tu. Daftari lile lilikuwapo kwenye faili siku zote, na mimi nilidhani kesi nzima imening'inia kwenye neno langu. Blagoy alikuwa na muda wa kukata rufaa ya mwisho katika mahakama ya juu kabisa kule Sofia, na muda huo umepita bila yeye kukata.

Faili langu mwenyewe limefunguliwa. Nimekiri. Wakili anasema sitafungwa, nitakuwa chini ya uangalizi na nitaripoti kila mwezi. Mavazi ya kikundi anashona mtu mwingine. Mjini kuna wanaonisalimia na kuna wanaovuka barabara, na si wale niliowadhania.

Wiki iliyopita Elitsa alikuja. Ana miaka kumi na mitano sasa, amenipita urefu. Stanka alibaki nje ya geti, hakuingia, lakini alimruhusu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kama ulivyosema, baada ya hukumu, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Ulikaa siku tatu kwa sababu hukuniamini?"

"Nilikuamini, mama. Niliogopa."

Aliniangalia usoni.

"Na mimi niliogopa," akasema. "Lakini mimi nilisema."

Penka